Kubandua gundi ya zamani na wavu mgongoni mwa mabamba ya mawe

Kasuku77

Wakuu, habari za kazi. Nina mabamba ya mawe yaliyotolewa kwenye jengo lililovunjwa na nataka kuyatumia tena, mengine sakafuni, mengine juu ya kabati za jikoni. Upande wa uso yako vizuri. Tabu yote iko mgongoni.

Graniti ya kijivu, mabamba mawili, unene mm 30. Yamebandikwa plaiwudi ya mm 18 kwa gundi ngumu ya rangi ya krimu, na pembezoni kuna mabaka ya silikoni.

Marumaru nyeupe, vipande vitatu vya sm 60 kwa 120, unene mm 20. Mgongoni kuna wavu wa nyuzi za kioo ulioshikwa na gundi inayong'aa, na juu ya wavu kuna matuta ya gundi ya saruji. Mengine yanafika mm 8.

Kipande kimoja cha kijani kilichoiva chenye mishipa myeupe, mm 20. Hiki kina saruji tu, hakina wavu.

Vifaa nilivyo navyo ni grainda ya mm 125, patasi, nyundo na kipuliza hewa moto. Naomba kujua: asidi inafaa kwa hiyo saruji? Wavu utoke au ubaki? Plaiwudi inatokaje bila kuvunja jiwe? Na usafi wa mgongo unatakiwa ufike wapi ndipo niseme inatosha?

---

FundiMgongo

Mkuu, hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Mgongo wa bamba hauhitaji kuwa safi, unahitaji kuwa imara. Saruji ya zamani iliyoshika barabara, yenye unene wa mm 1 au pungufu, iache. Kinachotakiwa kutoka ni kila kinacholegea, kila kinachobonyea (silikoni, lami, gundi za mpira), na kila tuta linalozuia bamba kulala sawa. Mtu anayetaka kuliona jiwe tupu kila mahali huishia kuchimba mashimo mgongoni, na bamba la mm 20 lililochimbwa mm 3 katikati limeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Kisha ujue una jiwe gani na gundi gani kabla hujagusa kifaa chochote.

Kupima jiwe: kwangua sehemu ndogo mgongoni mpaka ulifikie jiwe lenyewe, weka tone la siki nyeupe. Povu likitoka, jiwe lina kalisi: marumaru, jiwe la chokaa au travertino. Zipo marumaru za dolomiti ambazo hazitoi povu kwa haraka, kwa hiyo kwangua upate unga kidogo na uweke tone juu ya unga huo. Usiweke tone juu ya saruji ukadhani umepima jiwe, maana saruji kuukuu nayo hutoa povu. Kipimo cha pili ni ncha ya kisu. Kalisi ina ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs, kisu kinaichora kirahisi. Kwartsi iliyomo kwenye graniti ni 7, kisu kinateleza tu na kuacha mstari wa chuma.

Kupima gundi: ya saruji ina punje za mchanga na inamomonyoka ukiidonoa na patasi. Epoksi ni ngumu, inang'aa, ikizeeka inaingia manjano, na ukiipasha joto inakuwa kama mpira. Poliesta ukiipiga msasa inatoa harufu kali ya stairini. Silikoni inavutika na asetoni haiiyeyushi. Gundi nyeusi ya lami inaacha rangi kwenye kitambaa chenye spiriti ya rangi. Ukikuta hiyo nyeusi kwenye jengo la zamani, simama hapo hapo: nyingi zilichanganywa na asbesto (nyuzi za madini zenye sumu kwa mapafu). Peleka kipande maabara kwanza. Usiisage wala kuipiga msasa.

Kuhusu asidi, kwenye marumaru hapana kabisa. Asidi inayokula saruji inakula na kalisi, haina namna ya kuchagua, na itapenya kwenye ukingo hadi kuufifisha ung'avu wa uso. Kwenye graniti inawezekana, lakini graniti nyingi zina madini yenye chuma. Asidi ya hidrokloriki inayafungua, na baadaye madoa ya kutu yanajitokeza usoni bila wewe kuelewa yametoka wapi. Epoksi yenyewe asidi haiigusi. Kwa mabamba yako sioni mahali pa kuitumia.

---

Patasi_Pana

Naongezea njia ya kuitoa saruji iliyo juu ya wavu, maana hapo ndipo mawe mengi yanavunjika.

Uzito kwanza. Kipande chako kimoja cha marumaru ni takriban kilo 39. Graniti ya mm 30 ni kilo 81 hivi kwa kila mita ya mraba. Bamba hubebwa limesimama kwa ukingo wake, watu wawili au zaidi, kamwe lisibebwe limelala. Likibebwa limelala linapinda kwa uzito wake na mpasuko unaanzia pale lilipo jembamba, hasa kwenye tundu la sinki.

Meza iwe imenyooka kabisa: plaiwudi nene juu ya miguu imara, juu yake sponji ngumu au zulia kuukuu lisilo na mchanga. Osha uso wa bamba na ufute meza kabla ya kuligeuza. Punje moja ya mchanga chini ya uso uliong'arishwa itachora mstari kila bamba linapotikisika. Hakikisha hakuna sehemu inayoning'inia nje ya meza.

Halafu:

1. Kwa diski nyembamba ya almasi, kata mistari kukingama na matuta, kila baada ya mm 20. Pale penye tuta la mm 8, ingia mm 6 tu. Zile mbili zilizobaki ndizo kinga ya wavu.

2. Chukua patasi pana ya mm 40 hadi 50 iliyonolewa vizuri. Ilaze karibu kabisa na jiwe, pembe isizidi nyuzi 20, na ugonge kwa nyundo ndogo. Anza ukingoni ukielekea ndani. Ukipiga kuelekea nje, tuta la mwisho linaondoka na kipande cha ukingo. Usisimamishe patasi wima na usilete mashine ya kutindua; mtikisiko wake unafungua nyufa ambazo wavu ulikuwa umezishikilia kwa miaka.

3. Kinachobaki kisage kwa kikombe cha almasi (diski ya kusagia yenye umbo la kikombe, inayofungwa kwenye grainda). Kama grainda yako ina swichi ya kupunguza kasi, ishushe hadi kama nusu. Kikombe kilale bapa na mkono usisimame mahali pamoja, kwa sababu ukisimama unachimba na unachoma.

Kikombe kikianza kuteleza bila kula, jua gundi ya resini (epoksi au poliesta) imeyeyuka na kuziba almasi. Kisugue juu ya tofali la mchanga na saruji kwa sekunde chache, kitafunguka. Kuongeza nguvu ya mkono kunazidisha moto tu. Na vile vikombe vyenye meno makubwa ya almasi vinavyouzwa kwa ajili ya kukwangua gundi kwenye zege, viache huko huko kwenye zege. Juu ya marumaru vinang'oa vipande.

---

Mzee_wa_Epoksi

Mimi nishike suala la wavu.

Wavu huo uliwekwa kiwandani kwa sababu jiwe lenyewe ni tete. Nyuma yake na ndani ya nyufa kuna resini, na mara nyingi hata usoni kuna resini iliyojaza vitundu. Kwa hiyo kabla ya kuamua, geuza bamba, lowesha uso kwa maji, ufute kwa kitambaa na usubiri. Jiwe zima linakauka mapema. Mistari inayobaki na weusi wa maji ndiyo nyufa. Ukiona mstari unaotoka ukingo mmoja hadi mwingine, wavu ubaki. Hilo halina mjadala, maana bila wavu una vipande viwili.

Kama hakuna ufa wa hivyo, pima mshiko. Gonga mgongo kwa kipini cha bisibisi ukisikiliza. Palipobanduka panatoa sauti ya utupu. Kisha kata alama ya X ya sm 5 kwa kisu kikali na unyanyue ncha. Nyuzi zikichanika zikaacha resini kwenye jiwe, mshiko ni mzima, usihangaike nao. Wavu ukichomoka kama utepe na kuacha jiwe safi, mshiko umekufa na lazima utoke, kwa kuwa chochote utakachobandika juu yake kitachomoka nao.

Wavu unaobaki una shida moja: gundi ya saruji haishiki juu ya resini laini isiyonywa maji. Inakauka, inaonekana imeshika, na siku bamba likipata mtikisiko inaachia yote kwa pamoja. Tiba yake ni hii. Piga msasa namba 40 mpaka ung'avu wote uishe, nyonya vumbi kwa mashine, futa kwa kitambaa chenye asetoni, ungoje ikauke. Paka epoksi mpya, gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, na ikiwa bado mbichi mwagia mchanga mkavu wa kwartsi wenye punje za mm 0.4 hadi 0.8. Endelea kumwaga mpaka usione mahali popote panapong'aa kwa umajimaji. Iache saa 24, kisha fagia mchanga usioshika. Sasa gundi ya saruji ina punje za kung'ang'ania. Mchanga uwe mkavu kweli, kwa sababu unyevu unaizuia epoksi kushika punje, na safu nzima itafagika nao.

Wavu unaotakiwa kutoka unaubandua kwa joto, lakini dogo. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 70 za Selsiasi. Jiwe likifika 80 umeshapata unachotaka. Shika kipuliza umbali wa sm 15 na ukitembeze, pasha eneo la ukubwa wa viganja viwili, ingiza skrepa pana chini ya ukingo wa wavu, uuvute ukiukunja nyuma juu ya wenyewe, bapa na jiwe. Ukiuvuta kwenda juu unainua magamba ya jiwe. Poliesta, na epoksi zilizokaushwa kwa tanuri kiwandani, hazitalegea kwa joto hilo. Hizo sagia, usiongeze moto.

Sababu ya kuogopa moto kwenye marumaru ni fuwele zake. Kalisi ikipata joto inatanuka upande mmoja na kusinyaa kidogo upande mwingine. Punje zinasukumana, zinaachana, na jiwe linapoteza nguvu kutoka ndani ingawa usoni huoni kitu. Bamba lililopashwa upande mmoja linaweza pia kujikunja na lisirudi. Na usimwage maji baridi juu ya jiwe la moto kwa haraka ya kulipoza.

---

Ukingo45

Nakubali karibu yote, ila ile mm 1 ya saruji kuukuu ya FundiMgongo naipinga kwa hali moja. Bamba likienda ukutani au chini ya ngazi, mahali ambapo likianguka linaumiza mtu, toa saruji yote mpaka kwenye jiwe au kwenye resini. Mshiko wa ukuta ni sawa na safu yake dhaifu kuliko zote, na hiyo saruji hujui ilichanganywa vipi wala ililoweshwa mara ngapi. Sakafuni, sawa, iache.

---

FundiMgongo

Hapo uko sahihi, Ukingo45. Nilikuwa nazungumzia sakafu na meza.

---

Msumeno_Mviringo

Plaiwudi na silikoni sasa.

Kosa la kawaida ni kuingiza mtaimbo pembeni na kutaka kunyanyua ubao mzima. Ubao haupindi vya kutosha, jiwe ndilo linalopinda, na graniti ya mm 30 inakatika bila onyo. Plaiwudi inatolewa vipande vipande.

Tumia msumeno wa mviringo wenye diski kuukuu, kwa sababu meno yatagusa gundi ngumu. Weka kina cha mm 16 kwa plaiwudi yako ya 18. Pima unene huo pembe zote nne, maana ubao ulioloa zamani huvimba. Kata mistari wima na mlalo kila baada ya sm 8 hadi 10, upate miraba. Sasa piga patasi kwa ubavu, kwenye mstari wa gundi, mraba mmoja baada ya mwingine. Mingi itaruka kwa pigo moja au mawili. Inayogoma iloweshe kwa matambara yenye maji usiku kucha chini ya nailoni. Plaiwudi isiyo ya kustahimili maji itaachana tabaka kwa tabaka. Utabaki na gundi ya mm 2 au 3, ambayo unaimalizia kwa kikombe kama alivyosema Patasi_Pana.

Kabla ya kusaga, pitisha sumaku kuzunguka tundu la sinki na sehemu nyembamba za mbele na nyuma yake. Mabamba mengi ya jikoni yamechongwa mfereji mgongoni na kulazwa fimbo ya chuma ndani ya gundi. Kama fimbo haina kutu, iache. Ikiwa imeota kutu inavimba na kulipasua jiwe taratibu kutoka ndani, na dalili yake ni ufa mwembamba unaofuata mstari wa fimbo. Hiyo kata kando zake zote mbili kwa diski nyembamba, itoe, safisha mfereji, laza fimbo ya faibaglasi au ya chuma kisichoshika kutu kwa epoksi. Isizamishwe zaidi ya mfereji uliokuwepo.

Silikoni: kata kwa wembe, mabaki yatoe kwa dawa ya kuyeyushia silikoni iliyokauka. Asetoni inafuta tu mafuta ya juu. Ipo shida nyingine isiyoonekana mapema. Silikoni huachia mafuta yanayopenya kwenye jiwe na kuacha kivuli cheusi. Kivuli hicho kinavutwa nje kwa ujiuji wa kaolini (udongo mweupe laini) na asetoni, mzito kama siagi ya karanga, upakwe unene wa mm 6 hadi 10 na kuvuka mpaka wa doa kwa sm 2. Funika kwa nailoni saa 24, kisha ifunue ikauke yenyewe kabisa. Kunyonya kunatokea wakati wa kukauka, kwa hiyo usikwangue ikiwa mbichi. Mara moja haitoshi kwa kawaida.

---

Pumzi_Salama

Hakuna aliyegusa vumbi mpaka sasa, na hili linaua watu.

Graniti halisi ina kwartsi kati ya asilimia 20 na 60. Mawe ya kutengenezwa kwa kwartsi na resini yanaweza kuvuka 90. Vumbi lake laini halionekani hewani, linakaa kwenye mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Usidhani marumaru inakusalimisha: jiwe lenyewe lina kwartsi kidogo, lakini gundi ya saruji unayoisaga juu yake imejaa mchanga wa kwartsi.

Kwa hiyo saga kwa mashine ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyounganishwa kwenye swichi inayokata umeme ukivuja. Grainda ya kawaida usiimwagie maji. Ukisaga kavu, weka kifuniko cha kunyonya kwenye kikombe pamoja na mashine ya kunyonya yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa. Barakoa iwe ya daraja la P3 au P100, ibane uso, na ndevu zinyolewe, kwa sababu hewa inapita penye ndevu. Barakoa ya kitambaa ni sawa na kutovaa. Usifagie vumbi kavu. Nyonya au lowesha.

Wavu ukisagwa unatoa nyuzi zinazowasha ngozi. Vaa mikono mirefu na miwani iliyofungika pembeni. Ukimaliza suuza kwa maji ya baridi kwanza bila kusugua.

Dawa za kuyeyushia gundi zenye methilini kloridi ziache. Zinayeyusha epoksi kweli, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chumbani, na mwilini unageuka kaboni monoksidi. Vichujio vya kawaida vya barakoa vinaishiwa nguvu haraka dhidi yake. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa watu wa nyumbani kama dawa za kutolea rangi mwaka 2019, baada ya vifo.

Asetoni mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Isikae chumba kimoja na grainda au kipuliza moto. Na ule ujiuji wa kaolini uwekwe penye hewa ya kutosha.

---

Kasuku77

Asanteni sana wakuu. Nimefanya vipimo. Marumaru mbili wavu umeshika, nyuzi zinachanika. Ya tatu wavu unachomoka upande wa kona moja tu, kama sm 25, kwingine umeshika, na hakuna ufa unaovuka. Kipande cha kijani: jiwe lenyewe halitoi povu, ila ile mishipa myeupe inatoa. Hiki nakifanyaje?

---

Mzee_wa_Epoksi

Hiyo ya kona usiibandue yote. Kata wavu kwa kisu sm 3 ndani ya sehemu iliyoshika, utoe ulioachia, piga msasa jiwe na ukingo wa wavu unaobaki. Laza kitambaa kipya cha faibaglasi cha gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba kwa epoksi, kivuke juu ya wavu wa zamani kwa sm 5. Bonyeza kwa rola mpaka kitambaa kiwe angavu. Sehemu nyeupe zina hewa ndani. Halafu mchanga, kama nilivyoeleza.

La kijani, kwa majibu hayo, inaelekea ni la aina ya sapentini (jamii ya madini ya kijani), japo madukani huitwa marumaru ya kijani. Mengi ya jamii hiyo hujikunja yakiloa upande mmoja. Usilisage kwa maji, usiliache chini ya matambara mabichi, na usilibandike kwa gundi ya saruji iliyochanganywa na maji. Saga kavu kwa kifuniko cha kunyonya, mpaka kwenye jiwe, kisha libandike kwa epoksi moja kwa moja. Na sapentini nyingine huwa na nyuzi za asbesto ndani yake, hivyo angalia mgongoni kwa kioo cha kukuzia: ukiona mishipa yenye nyuzi nyuzi za hariri zinazochambuka kwa sindano, usiisage hata kidogo.

Marumaru zilizoloa wakati wa kusafishwa zisimamishe kwa ukingo, kati yake weka vijiti hewa ipite pande zote mbili. Kabla ya kupaka epoksi bandika nailoni ya sm 30 kwa 30 mgongoni, ifunge pande zote kwa utepe, uilaze usiku mmoja. Asubuhi ukikuta ukungu ndani ya nailoni, bamba bado halijakauka.